Mpiko wa Mbele Kushoto

Benajurel, 20 Januari 2011

Dada yangu Práxedes,

Naomba barua hii ikukute mzima huko mlimani, wewe na masista wenzako sita, hata yule mwenye kikohozi kisichokwisha. Mimi sijambo. Goti tu ndilo hunikumbusha umri wangu, nalo halisahau siku hata moja. Mama Mkuu namwamkia kwa heshima, maana najua ndiye anayefungua bahasha na kusoma kabla yako. Mama Mkuu, zile keki zenu za lozi za Krismasi zilifika zimevunjika, lakini tulizila kwa kijiko na hakuna aliyelalamika.

Nyumba yangu ya wageni inakwenda vizuri, na mwaka huu sikufunga hata kwa baridi. Wageni wangu siku hizi wengi ni wanaume, wanakuja wawili wawili, kutoka Uholanzi na Ujerumani na kwingine, na ni watu safi kupita kiasi. Jana mmoja aliniomba pasi akanyoosha mapazia yangu. Wapo pia mabibi wawili Waingereza, Beryl na Winifred, walimu wastaafu, wanaokuja kutazama ndege wa pwani. Wametazama ndege pamoja miaka thelathini na minne. Yote haya yalianza na Mholanzi mmoja, Maarten, aliyepigwa na jua hapa kwangu mpaka akaanza kuzungumza na kabati. Nilimuuguza siku tatu, na mwenzake Floris sikumuuliza chochote isipokuwa kama anataka supu. Waliporudi kwao, Floris akaandika habari zangu katika kitabu cha wasafiri wa namna yao, kwamba Benajurel yuko mama ambaye haulizi kitu na supu yake ni nzito. Tangu hapo sijapumzika.

Sasa jambo lenyewe. Unajua mpiko wa mbele kushoto, kati ya ile miti ya kubebea kiti cha sanamu ya Bikira wa Karmeli, ni wa nyumba yetu. Baba aliutia begani miaka thelathini na moja, na baada yake marehemu Eulogio wangu. Mwaka jana, tarehe kumi na sita Julai, Bikira alipobebwa kuingizwa baharini, mpiko wetu ulikuwa mtupu, kwa kuwa Eulogio yuko kaburini na mwanangu Anselmo yuko Bilbao. Wiki hii Nicasio Escalona, mwenyekiti wa chama cha Bikira, mwenye wajukuu wanne wenye mabega kama milango, alinisimamisha nje ya duka la mkate. Akanikumbusha, kwa upole wa paka aliyeona ndoo ya samaki, kwamba mpiko ukikaa mtupu sikukuu mbili mfululizo unahamia nyumba nyingine. Nyumba ipi hakutaja.

Anselmo nimemwambia. Hunipigia simu kila Jumapili saa tano, na tunazungumza hali ya hewa ya Bilbao, ambayo ni mvua. Nilipotaja mpiko akasema kazini wamembana. Hata kwenye mazishi ya baba yake walikuwa wamembana: alilala usiku mmoja, akaondoka na basi la kwanza. Sikumuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza.

Nitapata wapi bega kabla ya Julai? Niombee, na unijibu upesi.

Mdogo wako,
Casilda


Valdehierro, 14 Februari 2011

Mdogo wangu Casilda,

Amani ya Bwana iwe nawe na goti lako. Huku baridi imekigandisha kinanda cha kanisani, kwa hiyo tunaimba bila kinanda, na Sista Tecla anakohoa palepale kinanda kilipokuwa kikiingia, hata tumezoea. Mama Mkuu anashukuru kwa salamu. Ameniagiza nikuulize kama hao wanaume wanaosafiri wawili wawili ni mapadre. Nimemwambia sidhani.

Kuhusu bega. Umesahau kwamba mpiko hauchukui bega lolote. Kila mahali pana kimo chake, na mahali petu, kutoka sakafuni hadi juu ya bega, ni sentimita mia moja arobaini na tatu. Baba alikuwa hivyo kamili. Akipungua mtu, uzito unawaangukia wenzake; akizidi, unamwangukia yeye. Mimi ndiye niliyeinakili sheria ya chama upya nilipokuwa na miaka kumi na sita, kwa sababu ya mwandiko wangu, na bado naikumbuka kuliko Zaburi, Mungu anisamehe.

Usimlaumu sana Anselmo. Tangu ahamie ghorofa ya tano isiyo na lifti, anachoka.

Kumbuka Jumatano ya Majivu ni tarehe tisa Machi. Kwaresima hatupewi barua. Ukiandika, itakaa kwenye droo ya Mama Mkuu mpaka Pasaka.

Dada yako katika Kristo,
Práxedes


Benajurel, 11 Machi 2011

Dada Práxedes,

Salamu, na za masista wote. Najua ni Kwaresima na hutaisoma, lakini nikingoja Pasaka nitapasuka. Mama Mkuu, wewe utaisoma leo, karibu.

Nimekuwa nikiwapima wageni. Nilitoa ile futi ya ushonaji ya Mama, na kila asubuhi, mtu akisimama kungoja mkate wake ubanikwe, napita nyuma yake. Hakuna anayekataa. Wanadhani ni mila ya kusini. Mjerumani mmoja aliniuliza kama akipungukiwa atapewa kifungua kinywa kidogo. Mwingine, baada ya kupimwa, alinyanyua mikono nimpime na kifua, nikampima, maana alikuwa ameshajiandaa.

Nimepata mia na thelathini na nane, mia na hamsini, mia na hamsini na moja. Watu wa kaskazini wamekua ovyo. Mwenye mia na arobaini na tatu kamili ni mmoja tu, naye ni Beryl. Nilimpima mara mbili kwa matumaini. Akaniambia, "Casilda mpenzi, kama ni jeneza, sina haraka." Nikamweleza. Akasema angebeba kwa moyo wote, ila nyonga yake moja ni ya chuma.

Anselmo alipiga simu. Mvua.

Casilda


Benajurel, 2 Aprili 2011

Dada Práxedes,

Salamu tena, ingawa hukunijibu, na najua kwa nini.

Bega limepatikana. Maarten, yule wa jua, amekuja na Floris wiki tatu, na bega lake ni mia na arobaini na tatu na nusu. Hiyo nusu ni viatu. Nilipomwambia habari za Bikira alifuta macho, akasema kwao hajawahi kuombwa kubeba kitu chochote kitakatifu, hata kiti cha kanisa. Sasa kila alasiri anafanya mazoezi uani: yeye mguu wa mbele kushoto wa meza ya chakula, Floris na Wajerumani miguu mingine, Winifred amekaa juu ya meza badala ya Bikira, na Beryl anapiga kengele. Wanakwenda hatua fupi fupi kama inavyotakiwa. Majirani wamehamisha viti vyao upande wangu wa mtaa.

Nicasio alipita akasimama. Akatazama mpaka mwisho, akasema, "Hatua nzuri," akaenda zake. Sikuipenda hiyo sauti.

Halafu nina swali, Dada. Umejuaje ghorofa ya tano? Mimi aliniambia ya pili.

Casilda


Valdehierro, 27 Aprili 2011

Mdogo wangu Casilda,

Kristo amefufuka, na barua zako zimefufuka naye. Nimepewa zote mbili Jumatatu ya Pasaka. Mama Mkuu alizisoma zilipofika, na kwa kuwa ni Kwaresima hakuweza kumwambia mtu, hata mimi. Siku arobaini nilimwona akicheka peke yake mezani juu ya dengu, tukaanza kumwombea. Sasa masista wote wanataka kujua kama Beryl alichukizwa na kupimwa mara mbili.

Nakujibu kwa utaratibu. Kwanza: huyo Maarten ana moyo mzuri, mpe salamu zangu, lakini hawezi. Kifungu cha kumi na moja, kwa mwandiko wangu mwenyewe: mpiko wa nyumba hubebwa na mtu wa damu ya nyumba, au aliyeoa mtoto wa nyumba. Nicasio anakijua. Ndiyo maana alisema "hatua nzuri." Angekuachia ufanye mazoezi mpaka asubuhi ya sikukuu, kisha afungue kitabu mbele ya watu. Ningekwambia mapema kama ungeniuliza kabla ya Majivu.

Pili: damu ya nyumba ni wewe, mimi na Anselmo. Anselmo amerithi mabega yako, na ukimsimamisha chini ya mpiko utapita juu ya kichwa chake bila kumgusa. Kinachobaki ni aliyeoa mtoto wa nyumba. Una mtoto mmoja. Fikiri.

Tatu, kuhusu ghorofa ya tano: watawa huota ndoto.

Dada yako,
Práxedes


Benajurel, 15 Mei 2011

Dada Práxedes,

Salamu kwako na kwa wote. Beryl hakuchukizwa, amewaandikia rafiki zake kwamba ana mabega ya mtu wa bahari. Maarten nilimwambia ukweli. Alilia kidogo, akala vizuri.

Nimefikiri, kama ulivyoniamuru. Dada, mimi naendesha nyumba ya wageni, si kipofu. Naweza kumtazama mtu akishuka ngazi na kujua amelala vipi, anamdanganya nani, na kama atataka yai. Unadhani sijui mwanangu? Nimejua tangu ana miaka kumi na minne. Eulogio naye alijua. Tulikuwa tukijua kila mmoja upande wake wa kitanda, bila kuambizana. Tulikuwa tunamngoja aseme mwenyewe. Nikimuuliza, nitakuwa nimemnyang'anya neno lake. Basi nikangoja. Eulogio akafa akingoja.

Na sasa nawapikia supu wana wa mama zao wote wa Ulaya. Nawaloweka miguu wakiungua na jua, nawatafutia dawa, wananiita mama kwa lugha tano. Wangu mwenyewe ananipa habari za mvua. Mtu akisoma kile kitabu cha Floris atadhani mimi ni mwanamke mwenye moyo mpana. Wakati mwingine nikiwa namenya viazi nafikiri ni mwoga tu, niliyefungua mlango wa mbele kwa wageni kwa sababu sikujua kuufungua wa nyuma.

Wewe unajua yuko na nani. Usinijibu kwa ndoto.

Casilda


Valdehierro, 5 Juni 2011

Mdogo wangu,

Amani. Sista Tecla amepona kikohozi, na sasa hatujui tuingie wapi kwenye wimbo.

Ninachoandikiwa na mtu kwa siri hakitoki hapa, hata kwa dada yangu. Kwa hiyo sina la kukwambia. Ila hakuna sheria ya kitawa inayonizuia kumpelekea mtu mwingine karatasi, na nimempelekea Bilbao ukurasa wa pili wa barua yako, ule wa supu na mvua. Ni utovu wa adabu na nimeuungama. Lakini stempu alinipa Mama Mkuu, na bahasha aliilamba mwenyewe.

Práxedes


Benajurel, 4 Julai 2011

Dada,

Salamu kwa haraka. Jana ilikuwa Jumapili, na simu ya saa tano haikulia. Nilikaa mbele yake mpaka saa nane na aproni yangu. Miaka tisa haijawahi kukosa. Umefanya nini na ukurasa wangu?

Zimebaki siku kumi na mbili. Nicasio ameshawashonea wajukuu kanzu nyeupe, na ya mmoja wao imetiwa pamba bega la kushoto. Nyumba imejaa, chumba cha mwisho kimechukuliwa na Mbaski fulani, mtu wa kule kaskazini, Etxaniz, watu wawili, kuanzia tarehe nane. Hata bega la bahati likibisha hodi sina pa kulilaza.

Casilda


Benajurel, 4 Agosti 2011

Dada yangu Práxedes, na Mama Mkuu, na Sista Tecla, na wote mtakaosomewa hii mezani, maana najua ndivyo mnavyofanya siku hizi,

Salamu nyingi. Nisameheni kwa mwezi mzima. Sasa kaeni vizuri.

Tarehe nane, saa saba mchana, nilikuwa jikoni nakaanga dagaa. Nikasikia mlango, nikapaza sauti, "Bwana Etxaniz, chumba namba tatu, ufunguo uko mlangoni, bafu liko mwisho wa ukumbi." Miguu mizito ikapanda. Miguu myepesi ikabaki. Nikageuka, Anselmo yuko mlangoni na begi, amenenepa.

"Mama, nina jambo la kukwambia," akasema.

"Sema."

"Ni jambo kubwa."

"Nalisikia. Liko bafuni juu, linaimba, na linamaliza maji yangu ya moto."

Akakaa kwenye kigoda cha viazi. Alikuwa na hotuba, nilimwona akiitafuta usoni kama mtu anayetafuta miwani, na mimi nilikuwa nimeshaikalia. Akasema kwa kifupi, "Anaitwa Iker. Tumeoana. Oktoba mwaka jana."

Hilo, Dada, sikulijua. Wewe ulilijua. Nikageukia dagaa, nao walikuwa wameshaungua.

"Nani alikuwepo?" nikauliza. Umeona? Nimeuliza.

"Mama yake. Shangazi zake watatu. Watu wa kazini."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unaniuliza kama mvua imekatika," akasema.

Hakuwa na kosa wala mimi sikuwa nalo, na bado tulikuwa tumekosa arusi. Nikazima jiko. Nikaenda nikamshika kichwa, kile kichwa kikubwa cha Eulogio, nikakibana kwenye aproni mpaka akasema hapumui. Kisha nikamwambia, "Mwite ashuke. Aje na mabega yake."

Alishuka na taulo shingoni. Ni mrefu, ana ndevu, ni mwalimu wa hesabu. Nikamwamkia, nikatoa futi. Mia moja arobaini na sita. Nikakaa.

"Zimezidi tatu," nikasema.

"Mama," akaniambia, na neno hilo alilitamka kama anajaribu barafu kwa mguu, "Anselmo amenieleza. Kwetu watu huinua mawe sikukuu, kwa starehe tu. Sentimita tatu nitazikunja."

Siku ya pili tukaenda chamani, sisi watatu. Nikaweka cheti cha ndoa mezani. Nicasio akavaa miwani, akakisoma mara mbili, akakigeuza nyuma. Ukumbi mzima ukaacha kuvuta sigara. Nilikuwa nimejitayarisha, Dada. Nilikuwa na maneno ya kumwambia Nicasio ambayo Mama Mkuu asingeruhusu yapite.

"Cheti ni halali," akasema. "Ameoa mtoto wa nyumba. Kifungu cha kumi na moja." Akashusha miwani. "Lakini hapa imeandikwa amezaliwa Azpeitia."

"Ndiyo," akasema Iker.

"Wewe ni Mbaski."

"Ndiyo."

"Casilda," akasema Nicasio, na uso wake ulikuwa umeumia kweli, "mume kwa mume, hayo ni mambo ya serikali. Lakini tangu Bikira aanze kuingia bahari hii hajawahi kubebwa na mtu wa kaskazini. Hawa hata samaki wanampika na maziwa."

Wakabishana saa mbili. Hakuna aliyegusa habari ya ndoa; walibishana kuhusu Wabaski, na baada ya hapo kuhusu zile sentimita tatu. Aliyemaliza ni mzee Cosme, mtengeneza nyavu, aliyekuwa nyuma ya Baba miaka yote ile. Akasema, "Upande wa kushoto ndiko kuna shimo chini ya maji. Baba yake Casilda alikuwa na kimo kamili, na kila mwaka aliinywa bahari mpaka tukamtapisha. Safari hii tumwekeni mtu ambaye pua yake itabaki nje." Wakacheka, wakapiga kura. Nicasio alishindwa kwa kura nne, nadhani zote za waliowahi kumtapisha Baba.

Sikukuu ilikuwa ya joto. Iker alitembea saa mbili na magoti yamekunjwa, uso mwekundu kama pilipili, na Bikira hakuyumba. Anselmo alikwenda ubavuni mwake na chupa ya maji, akimnong'oneza, kushoto, taratibu, sasa ngazi, maana hatua zile anazijua tangu mtoto na bega tu ndilo alilokosa. Wageni wangu walikuwa mchangani. Maarten alikuwa akipiga hatua mahali alipo, bila kujijua. Walipofika kwenye shimo maji yakamfika Iker kifuani, akasimama wima kwa mara ya kwanza siku ile. Nikaona mpiko wetu una mtu. Sikulia. Beryl alinipa leso kwa ajili ya jasho.

Kesho yake Iker hakuweza kushuka ngazi. Alizishuka amekaa, moja moja, na wageni wakampigia makofi. Waliondoka tarehe ishirini na sita. Jumapili Anselmo alipiga simu saa tano, tukazungumza saa nzima, na kama Bilbao kulikuwa na mvua mimi sijui.

Bado kidogo nimalize. Juzi Nicasio alikuja mlango wa jikoni, kofia mkononi. Nikadhani ni habari ya mwakani.

"Casilda, una chumba cha watu wawili wiki ijayo?"

"Cha nani?"

"Jimena wangu anakuja kutoka Zaragoza." Huyo ni mjukuu wake wa kike, dada wa wale wanne, huu mwaka wa tatu hajaonekana hapa. "Na mwenzake."

"Mwenzake nani?"

"Mwenzake," akasema. "Msichana mmoja, mwuguzi. Nikafikiri hapa kwako mmeshazoea. Watajisikia huru."

"Nyumba yako ina vyumba sita, Nicasio."

"Vina vitanda vyembamba."

Nikamtazama. Alikuwa ameshika kofia kama mtu aliye kanisani kwa watu. Chumba namba tatu kilikuwa kitupu, na mashuka yake nilikuwa nimeyatandika asubuhi ile. Nikamwambia nimejaa mpaka Septemba. Nikamwambia pia duka la vitanda liko njia ya Málaga na halifungi mchana.

Mama Mkuu atasema kama uongo huo ni wa kuungama. Leo asubuhi wajukuu wanne wamekipitisha kitanda mtaa mzima begani, na Nicasio akiwatangulia kinyumenyume, akiwaambia kushoto, taratibu, sasa ngazi. Watu walitoka madirishani. Ni kipana kweli. Imebidi waung'oe mlango.

Mdogo wako,
Casilda